Aliyeipima Sayansi kwa Marundo ya Majarida

Msomi wa leo hupimwa kwa idadi ya makala zake na mara anazonukuliwa. Yafaa basi tumjue Derek de Solla Price, mmoja wa waasisi wa kipimo hicho.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1922, akahitimu uzamifu wa fizikia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alifundisha katika Chuo cha Raffles, Singapore. Maktaba ilipokuwa ikijengwa, alihifadhi nyumbani kwake majarida ya Royal Society yaliyoanzia mwaka 1665, akayapanga katika marundo ya miaka kumi kumi. Alishangaa kuona kwamba marundo hayo yalikua kwa kujizidisha, si kwa kujumlishwa tu.

Alipata uzamifu wa pili, wa historia ya sayansi, huko Cambridge, kisha akahamia Yale, Marekani. Kitabu chake cha mwaka 1963 kilieleza kwamba maandishi ya sayansi huongezeka maradufu kila baada ya miaka 10 hadi 15, na kwamba waandishi wachache ndio waandikao sehemu kubwa. Mwaka 1976 alithibitisha kihesabu kwamba makala iliyokwisha kunukuliwa sana ndiyo huzidi kunukuliwa. Alifariki mwaka 1983.

Fundisho lipo hapo. Ikiwa tarakimu humwongezea aliye nacho, basi mtafiti wa Kiswahili ambaye jarida lake halimo katika faharasa kubwa za ng'ambo huonekana hajaandika kitu. Tuhesabu, naam, lakini kabla ya kuhesabu, tusome.