Walther Bauersfeld: Mhandisi aliyeziingiza nyota ndani ya nyumba

WAKAZI wa Lushoto hawahitaji kuambiwa kwamba anga la usiku lina uzuri wake. Mji huo umekaa katika mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na anayesimama Irente usiku usio na ukungu huziona nyota zikiteremka hadi juu ya nyika ya Wamasai, mbali chini ya genge.

Tatizo ni ukungu wenyewe. Masika yanapoingia, na hata katika miezi ya baridi, mawingu huilalia milima ya Usambara usiku baada ya usiku. Aidha, aishiye bondeni, iwe Soni au Mlalo, huona kipande tu cha mbingu kilichoachwa na vilima. Mwanafunzi husoma habari za sayari kitabuni mchana, na jioni akitoka nje kuzitafuta hakuti kitu.

Mtu aliyelipatia tatizo hilo ufumbuzi hakuwa mtaalamu wa nyota. Alikuwa mhandisi wa mitambo, Mjerumani aliyeitwa Walther Bauersfeld, na alichokibuni ndicho kinachoitwa planetariamu, yaani jumba la nyota. Filamu za kuba zinazofundisha umma elimu ya anga katika miji mingi duniani leo ni watoto na wajukuu wa mtambo wake.

Bauersfeld alizaliwa mjini Berlin tarehe 23 Januari 1879. Alisomea uhandisi katika chuo cha ufundi cha Charlottenburg na kupata shahada ya udaktari mwaka 1904. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni ya Carl Zeiss ya mji wa Jena, iliyokuwa na jina kubwa kwa darubini na lenzi. Hakukawia kupanda. Ilipofika 1908 alikuwa tayari miongoni mwa wakurugenzi wake, akiwa hajatimiza umri wa miaka 30.

Wakati huo Oskar von Miller alikuwa akijenga jumba kubwa la makumbusho ya sayansi na ufundi mjini Munich. Mzee huyo alitaka wageni wake wauone mwendo wa nyota na sayari kwa macho yao. Wazo la awali lilikuwa kutengeneza tufe kubwa la bati, lenye matundu ya kupitisha mwanga, litakalozungushwa huku watu wameketi ndani yake. Mjini Chicago lilitengenezwa tufe la namna hiyo mwaka 1913. Miller, akishauriwa na mtaalamu wa nyota Max Wolf wa Heidelberg, aliwapelekea Zeiss ombi lake, lakini Vita Kuu ya Kwanza ikazuka kazi ikiwa bado haijafika popote.

Vita hiyo ndiyo iliyoupa mji wa Lushoto nafasi ndogo katika historia ya zama hizo. Wakati Miller akiandikiana na Zeiss, Lushoto ilikuwa mji wa Kijerumani ulioitwa Wilhelmsthal kwa heshima ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Reli ya Tanga ilikuwa ikipita chini ya milima, na walowezi wakilima huku juu. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliutwaa mji huo, na jina la Kaisari likafutika. Huko Jena, mafundi waliozoea lenzi za darubini walikuwa wakitengeneza vifaa vya kulengea mizinga.

Vita ilipokwisha, Bauersfeld alilirudia ombi la Miller, na mwaka 1919 akaja na wazo lililoligeuza jambo zima. Aliona kwamba hapakuwa na haja ya kulizungusha tufe zito. Kuba likae palepale, liwe jeupe na tupu kama ukuta uliopakwa chokaa. Katikati yake uwekwe mtambo mdogo wa kurusha picha za nyota kwa mwanga, na mtambo huo ndio uzunguke. Taa zizimwe, na ukuta utatoweka machoni pa mtazamaji.

Kulisema wazo hilo ni rahisi. Jua, Mwezi na sayari tano zionekanazo kwa macho matupu, kila kimoja kina mwendo wake, na sayari huonekana nyakati fulani kana kwamba zinarudi nyuma. Bauersfeld na wasaidizi wake walitumia miaka takriban mitano kukokotoa idadi ya meno ya kila gurudumu, ili miaka ya angani ipite kwa dakika chache bila sayari kupotea njia. Nyota zenyewe, zipatazo 4,500, zilipatikana kwa kutoboa matundu madogo mno katika mabamba membamba, ukubwa wa kila tundu ukilingana na mng'ao wa nyota yake.

Lilibaki suala la kuba. Ili kuujaribu mtambo, Bauersfeld alijenga kuba lenye kipenyo cha mita 16 juu ya paa la kiwanda. Alisuka fito nyembamba za chuma kwa pembetatu nyingi hadi zikafanya umbo la nusu ya tufe, kisha kwa msaada wa wahandisi wa kampuni ya ujenzi ya Dyckerhoff & Widmann zikafunikwa kwa zege jembamba la sentimeta chache tu. Msambaa yeyote aliyewahi kuona nyumba ya fito ikikandikwa udongo angeielewa kanuni hiyo mara moja. Miaka 30 baadaye Mmarekani Buckminster Fuller alisifiwa dunia nzima kwa kuba za aina hiyo, akapewa hataza mwaka 1954. Hadi leo wengi humtaja Fuller kama mwanzilishi, nao wanakosea.

Agosti 1923, nyota za kutengenezwa ziliwaka kwa mara ya kwanza ndani ya kuba hilo la Jena. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo mtambo ulionyeshwa Munich, katika mwezi ambao fedha ya Ujerumani ilikuwa imeporomoka kiasi kwamba mkate ulinunuliwa kwa mamilioni na mabilioni ya marki. Ulirudishwa kiwandani kukamilishwa, na watu kwa maelfu wakapanda hadi paa la kiwanda kuutazama. Makumbusho ya Munich yalipozinduliwa rasmi katika jengo lake jipya Mei 1925, jumba la nyota lilikuwa sehemu yake.

Hata hivyo, mtambo huo wa kwanza ulikuwa na kasoro moja inayomhusu sana msomaji wa Usambara. Ulijua anga la Munich tu. Nyota zilizo kusini mno, zisizoonekana kamwe kutoka Ulaya, hazikuwamo.

Lushoto iko karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta. Kutoka hapa Msalaba wa Kusini huonekana kwa miezi mingi, na katika majira fulani Dubu Mkubwa naye huonekana upande wa kaskazini usiku huohuo. Ni Nyota ya Kaskazini, ile inayosifiwa katika kila kitabu cha Ulaya, ambayo hubaki chini kidogo ya upeo. Mtoto wa Lushoto ambaye angebahatika kuingizwa katika jumba la Munich mwaka 1925 angeonyeshwa nyota isiyoonekana kwao, na kunyimwa zile azijuazo.

Zeiss waliiondoa kasoro hiyo haraka. Mtambo wa pili, ambao Walther Villiger alishiriki kuubuni, ulikuwa na tufe mbili, moja kila ncha, la nyota za kaskazini na la nyota za kusini. Ulibeba nyota zipatazo 8,900, na uliweza kuinamishwa ili kuonyesha anga la mahali popote duniani. Ulianza kufungwa katika majumba mwaka 1926. Mwaka huohuo Jena nayo ilifungua jumba lake, ambalo lingali likipokea wageni. Mwaka 1930 ikafuata Chicago.

Bauersfeld hakuishia kwenye nyota. Alibuni pia mtambo wa kuchorea ramani kutokana na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, kazi iliyoheshimiwa sana na wapima ardhi. Upande mwingine wa maisha yake hauna mwanga huo. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa bado katika uongozi wa Zeiss, wakati kampuni hiyo ilipolitengenezea jeshi la Hitler vifaa na kutumia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Anayesimulia habari za mtambo wa nyota bila kulitaja hilo husimulia nusu.

Mwaka 1945 Wamarekani waliingia Jena kabla ya Warusi. Walipojua kwamba eneo hilo litakuwa chini ya Urusi, waliwachukua wataalamu wengi wa Zeiss, Bauersfeld akiwamo, na kuwahamishia magharibi, Heidenheim. Warusi nao walipofika waling'oa sehemu kubwa ya mashine na kwenda nazo. Bauersfeld, akiwa na miaka 66, alianza upya pamoja na wenzake katika mji mdogo wa Oberkochen, na kampuni moja ikawa mbili, kila moja ikitengeneza mitambo ya nyota upande wake wa Ujerumani iliyogawanyika. Alifariki dunia tarehe 28 Oktoba 1959 akiwa na umri wa miaka 80.

Alikufa mwaka mmoja kabla ya mtambo wake kufika Afrika. Oktoba 1960 Johannesburg ilifungua jumba kamili la kwanza barani, likitumia mtambo uliokuwa ukifanya kazi Hamburg tangu 1930, uliofanyiwa matengenezo Oberkochen kabla ya kusafirishwa. Ilikuwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, miezi saba baada ya mauaji ya Sharpeville.

Tangu miaka ya 1980 kompyuta zilianza kuchukua nafasi ya magurudumu ya meno, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 filamu kamili za rangi zilikuwa zikijaza kuba zima. Badala ya kuonyesha nyota tu, zinampitisha mtazamaji kati ya pete za Zohali au ndani ya wingu linamozaliwa jua jipya. Taasisi ya Ulaya ya uchunguzi wa anga, yenye darubini zake nchini Chile, hutoa baadhi ya filamu hizo bila malipo. Nyingi zimetengenezwa na watu wa kaskazini, na anayezionyesha Afrika Mashariki hana budi kuuliza zinaanza na anga la wapi. Sauti nayo ina uzito wake: Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima, halimwambii kitu mtoto akilisikia kwa jina la Kigiriki.

Usambara wenyewe ulijua thamani ya elimu hiyo zamani. Richard Burton na John Speke walipopanda hadi Vuga Februari 1857, walitambulishwa kwa Kimweri ye Nyumbai kuwa waganga wenye uwezo juu ya mwezi na nyota, upepo na mvua. Hilo lilikuwa jambo zito katika nchi ambayo mvua ilikuwa shauri la mfalme mwenyewe. Mzee Kimweri, aliyekuwa mgonjwa, alitaka zaidi dawa ya kumrudishia afya.

Nairobi ilipata kuba lake la mianzi mwaka 2020. Yapo pia makuba ya kitambaa yanayojazwa upepo kwa feni, ambayo wanafunzi huingia kwa kuinama na kuketi sakafuni. Likikunjwa pamoja na projekta yake, kuba la namna hiyo hutosha nyuma ya gari dogo, na barabara ya lami yenye kona nyingi kutoka Mombo hadi Lushoto ni ya kilomita 33 hivi.