Imamu Shafii: Aliyekataa Ulimi Uwe Kadhi

Penye watu wengi hapakosi vinywaji, na penye vinywaji hapakosi ubishi. Kibera na Kawangware ni mitaa miwili ya upande wa magharibi wa Nairobi iliyojaa watu wa kila kabila, na kila kabila limekuja na chungu chake. Iko busaa, inayopikwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, kisha ukatiwa kimea cha wimbi. Iko muratina ya asali au maji ya miwa, inayochachushwa kwa tunda la mti wenye jina hilohilo. Iko chang'aa, pombe ya kukeneka. Na ziko chupa za kiwandani zenye nembo na muhuri.

Kila kinywaji kina mawakili wake. Wa busaa husema hiyo ni chakula, ni uji tu uliochacha. Wa muratina husema asali haijamdhuru mtu tangu dunia iumbwe. Wa chupa husema chake kimepimwa na serikali. Na wako wasiojali aina wala jina. Wao husema kinywaji kizuri ni kile ulimi ulichokipenda.

Ndugu zetu wengi wa pwani wamekwenda kutafuta riziki katika mitaa hiyo, na maneno haya huyasikia kila siku. Je, kinywaji kihukumiwe kwa jina na namna yake, au kwa ladha ya anayekinywa? Swali hili si la jana. Lilijadiliwa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita huko Kufa, Madina na Misri, na mmoja wa waliolijibu kwa ufasaha mkubwa ni mtu ambaye sisi watu wa mwambao twalitaja jina lake kila tukiulizwa madhehebu yetu. Lakini wangapi kati yetu wayajua maisha yake?

Jina lake ni Muhammad bin Idris, maarufu kama Imamu Shafii. Alizaliwa Gaza, nchi ya Sham, mwaka 150 Hijria, yaani 767 Miladia. Ndio mwaka aliofariki Imamu Abu Hanifa. Nasabu yake ilikuwa ya Kikureshi, lakini nasabu haijazi chungu. Baba yake alifariki yeye akiwa mchanga, na mama yake, mjane asiye na mali, akamchukua hadi Makka ili mtoto akulie kwa jamaa zake.

Makka alisoma katika umaskini mkubwa. Wanahistoria wanaeleza kuwa hakuwa na uwezo wa kununua karatasi, akawa akiandika juu ya mifupa na juu ya migongo ya karatasi zilizokwisha kutumiwa na makarani wa serikali. Pamoja na hayo inasimuliwa kwamba aliihifadhi Kurani akiwa na umri wa miaka saba. Kisha alikwenda jangwani kukaa na kabila la Hudhayl, watu waliosifika kwa ufasaha, akajifunza kwao lugha, mashairi na kulenga mshale. Katika mshale alikuwa hodari sana, na katika mashairi wakubwa wa lugha walikuja baadaye kumsikiliza akiyasoma ya Hudhayl.

Hapa inafaa tutue kidogo. Mtu aliyejaa mashairi ni mtu mwenye ladha. Anajua lipi tamu na lipi chapwa, na moyo wake una mapendeleo. Shafii basi hakuwa mtu mkavu asiyejua utamu wa kitu. Aliujua sana, na pengine ndiyo sababu aliiogopa nguvu yake.

Mwalimu wake wa kwanza wa sheria huko Makka alikuwa mufti Muslim bin Khalid, aliyejulikana kwa lakabu ya az-Zanji. Baadaye Shafii alikwenda Madina kwa Imamu Malik bin Anas, akiwa amekwisha kukihifadhi kitabu chake cha Muwatta. Alikaa naye mpaka Malik alipofariki mwaka 179 Hijria, yaani 795.

Baada ya hapo maisha yakamgeukia. Alipata kazi ya serikali katika upande wa Najrani na Yemeni, na kama ijulikanavyo, mtumishi asiyependelea mtu hujipatia maadui. Akasingiziwa kuwa yumo katika njama za kuipindua dola ya Bani Abbasi, akachukuliwa pamoja na watuhumiwa wengine hadi mbele ya Khalifa Harun ar-Rashid. Aliponea chupuchupu. Wanaosimulia wanasema aliyemtetea ni Muhammad bin Hasan ash-Shaybani, kadhi mkubwa na mwanafunzi wa Abu Hanifa.

Msiba ukawa neema. Shafii alibaki Iraki akasoma kwa Shaybani na kunakili vitabu vyake, hata ikasemwa kuwa alichukua kwake elimu ya kutosha mzigo wa ngamia. Sasa alikuwa na elimu ya Madina mkono mmoja na elimu ya Iraki mkono wa pili, na akaanza kuzipima.

Katika mambo aliyoyakuta Iraki moja lilikuwa hili la vinywaji. Wanachuo wa Kufa walipambanua kwa aina. Kwao khamri hasa ni ile ya maji ya zabibu mbichi yaliyochacha yenyewe. Hiyo ni haramu kidogo chake na kingi chake. Vinywaji vingine, kama vya tende, asali, shayiri na ngano, Abu Hanifa na Abu Yusuf waliviweka katika mlango mwingine: kilichokatazwa ndani yake ni kufika kiasi cha kulewesha. Tusiwavunjie heshima wazee hao. Hawakusema hivyo kwa uroho wa pombe. Walikuwa na riwaya zao na hoja zao za lugha, na Abu Hanifa alikuwa mcha Mungu aliyejulikana.

Shafii hakukubali. Yeye alikuwa amekaa Hijazi na Yemeni, na alizijua hadithi za Mtume, rehema na amani zimfikie, alipoulizwa juu ya vinywaji vya watu wa Yemeni, cha asali na cha shayiri. Majina ya vinywaji hivyo yalitajwa mbele yake, lakini jibu halikusimama juu ya majina. Lilisimama juu ya kulewesha. Basi Shafii akashika hapo: kila chenye kulewesha ni khamri, kiwe cha zabibu au cha mtama, kiwe kitamu au kichungu, na kikiwa kingi chake chalewesha basi kidogo chake nacho kimekatazwa.

Zingatia, msomaji, kwamba kipimo hiki chaziondoa hoja mbili kwa pamoja. Chamwondoa anayesema changu si cha aina ile, na chamwondoa anayesema mimi kikombe kimoja hakinilevyi. Kinachotazamwa si jina la kinywaji, wala si kichwa cha mnywaji mmoja, bali ni tabia ya kinywaji chenyewe.

Ajabu ni kwamba mwalimu wake Shaybani, ingawa alikuwa nguzo ya madhehebu ya Kihanafi, alitofautiana na wakubwa wake katika jambo hili akasema mfano wa hayo, na wanachuo wa Kihanafi waliokuja baadaye wakatoa fatwa kwa kauli yake. Kwa hiyo mlango uliobishaniwa ulifungwa na watu wa pande zote mbili.

Lakini ugomvi mkubwa wa Shafii haukuwa juu ya vinywaji. Ulikuwa juu ya ule mlango walioufungua baadhi ya wanasheria ulioitwa istihsani, yaani mwanasheria kuacha kipimo kilicho dhahiri kwa sababu ameona jambo jingine ni bora zaidi. Waliouunga mkono walisema wao huacha hoja kwa hoja yenye nguvu zaidi, si kwa matamanio. Shafii aliogopa mwisho wake. Aliona kwamba mtu akiruhusiwa kuhukumu kwa kile alichokiona kizuri bila ya dalili, kadhi wa mji huu atapenda hili na kadhi wa mji ule atapenda lile, na mwenye haki hatajua aende kwa nani. Aliandika maandishi maalumu ya kuubatilisha mwenendo huo.

Jambo hili si geni kwetu. Mombasa kuna mnada wa chai tangu mwaka 1969, ulipohamishiwa huko kutoka Nairobi. Waonja chai husimama mbele ya safu ya vikombe, huvuta fundo moja kwa kishindo, huligeuza mdomoni, kisha hulitema. Muonja chai haulizwi nyumbani kwake hunywa chai ya namna gani. Aulizwa jani hili la daraja hii limetimiza sifa za daraja yake au la. Akianza kupanga bei kwa anachokipenda yeye, mkulima wa Kericho na mnunuzi wa ng'ambo wote wamedhulumiwa. Huo ndio uadilifu ambao Shafii aliudai kwa wanasheria: ulimi wako ni shahidi, si kadhi.

Baadaye alirudi Makka akafundisha, na miongoni mwa waliokaa kumsikiliza alikuwa Ahmad bin Hanbal. Mwaka 195 Hijria alikwenda tena Baghdad akatangaza madhehebu yake ya kwanza, kisha miaka michache baadaye akahamia Misri, katika mji wa Fustat. Huko aliyapitia upya maandishi yake, pamoja na Risala, kitabu kinachohesabiwa na wengi kuwa cha kwanza kupanga misingi ya elimu ya sheria. Na huko alifanya jambo ambalo wakubwa wengi hawaliwezi: alizirudia kauli zake mwenyewe, na pale alipoona hoja yenye nguvu zaidi aliiacha ya zamani hadharani. Ndiyo maana wanafunzi wa madrasa zetu husoma juu ya kauli ya kale na kauli mpya. Mtu anayefuata mapendeleo yake huona taabu kubadilika, kwa kuwa huona anajivunja nafsi. Anayefuata kipimo hubadilika bila ya kuona haya.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya ugonjwa, akitokwa na damu nyingi kwa maradhi ya bawasiri, naye hakuacha kufundisha. Alifariki Fustat mwisho wa mwezi wa Rajabu mwaka 204 Hijria, Januari 820, akiwa na miaka 54 kwa hesabu ya Kiislamu. Wanafunzi wake, Buwayti, Muzani na Rabii, ndio walioibeba elimu yake. Kuba kubwa juu ya kaburi lake mjini Cairo lilijengwa mwaka 1211, na mpaka leo watu hulizuru.

Elimu hiyo ilivuka bahari. Ibn Battuta alipopita mwambao wetu mwaka 1331 aliwakuta watu wa Mombasa na Kilwa wakiwa ni Mashafii. Wenzetu Wanubi wa Kibera wana njia nyingine: wazee wao walikuwa askari wa Kisudani waliopewa makazi huko na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na Sudani ni nchi iliyozoea madhehebu ya Imamu Malik. Katika vileo, Malik na Shafii hawakutofautiana. Hata hivyo Wanubi nao walipata mtihani wao. Pombe ya kukeneka ilishika jina lao kiasi cha kuitwa jini ya Kinubi, kwani wajane na wanawake wasio na kazi walikuwa na njia chache za kulisha watoto. Tukitaja haya tusitaje kwa kebehi. Hukumu ya kitu haibadiliki kwa sababu aliyekipika ana njaa, lakini njaa yake nayo ni dhamana juu ya majirani zake wenye nacho.

Sheria za nchi nazo zimekuwa zikigeuka. Chang'aa ilipigwa marufuku kabisa kwa sheria ya mwaka 1980; sheria ya mwaka 2010 ikaifuta ile, ikaruhusu itengenezwe kwa leseni na kutiwa chupani. Kati ya tarehe hizo mbili, mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa sumu ya methanoli. Jina la pombe halikuwaokoa, wala ulimi haukuwaonya.

Wala tusiwanyoshee kidole watu wa bara peke yao. Sisi tuna mnazi. Tembo likigemwa alfajiri ni tamu na halina neno. Likikaa mpaka jioni ni kitu kingine, ingawa mti ni ule ule na mgema ni yule yule. Likiachwa likageuka siki lenyewe, bila ya kutiwa kitu, madhehebu yetu yasema limetakasika. Kinywaji kimoja, majina mawili, hukumu tatu, na kila moja imefuata hali yake na si hamu ya mtu.

Huo ndio urithi wa yatima wa Gaza. Mwenye kubisha Kawangware kuwa busaa ni uji, na mwenye kubisha Kilifi kuwa tembo ni dawa, wote wawili amekwisha kuwajibu. Mwenyezi Mungu amrehemu.