Mtakatifu Yohane wa Mungu na Wagonjwa Wetu wa Akili

Kila tarehe 8 Machi Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yohane wa Mungu, msimamizi wa hospitali, wagonjwa na wauguzi. Wengi wetu twalijua jina lake. Wachache wakumbuka ya kuwa yeye mwenyewe alipata kufungwa kama mwendawazimu.

Alizaliwa mwaka 1495 huko Montemor-o-Novo, Ureno. Alikuwa mchungaji, kisha askari, na mwisho muuza vitabu mjini Granada, Hispania. Siku ya Mtakatifu Sebastiani alisikia mahubiri ya Padre Yohane wa Avila, nayo yakamchoma moyo hata akatoka akilia njiani, akijipiga kifua, akagawa mali yake yote. Watu wakampeleka Hospitali ya Kifalme. Huko alifungwa kamba, akapigwa mijeledi, maana ndiyo iliyokuwa dawa siku zile.

Je, aliugua kweli, au ilikuwa toba iliyopita kiasi? Hatuthubutu kuamua. Twajua tu jinsi alivyotulia: Padre Yohane alimwendea, akamshauri aigeuze bidii yake iwe utumishi kwa wengine. Basi akaanza kufagia na kuwahudumia wagonjwa wenzake. Alipotoka alipanga nyumba, akawakusanya maskini na wagonjwa, na usiku akazunguka na kikapu akiwaombea chakula. Mwaka 1549 hospitali ile ile aliyopigwa ilishika moto; naye akaingia motoni akawaokoa wagonjwa. Alifariki tarehe 8 Machi 1550, akatangazwa mtakatifu mwaka 1690. Shirika lake huwauguza wagonjwa wa akili hata Mzuzu, katika nchi ya Malawi iliyo jirani na Mbeya.

Sasa tutazame nyumbani kwetu, Mbeya na Iringa. Uko ugonjwa unaompandisha mtu na kumshusha. Leo halali, asema bila kituo, auza shamba kwa bei ya bure. Baada ya miezi amelala kitandani, hataki kula wala kuishi. Jamaa wengine humficha, humfunga kamba, au humtafuta aliyemroga. Hiyo ni mijeledi ya Granada iliyorudi.

Ugonjwa huu una dawa, kama lithiamu, ambayo mwenye kuitumia hupimwa damu mara kwa mara. Lakini dawa yataka mtu wa kusindikiza. Muuguzi mwema huwafundisha mgonjwa na jamaa zake kuzitambua dalili za kwanza, hasa kukosa usingizi, na kutoiacha dawa eti kwa kuwa mtu ajiona mzima. Naye atajaye kujiua asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali mara moja.

Enyi wazazi na jamaa, aliyepata nafuu mrudishieni jembe lake, na nafasi yake katika kwaya na jumuiya. Kama Yohane angeachwa kambani, maskini wa Granada wangalimkosa baba.

Mtakatifu Yohane wa Mungu, utuombee.