Homma wa Sakata na Mishumaa ya Bei

Vijana wengi wa Kitengela na Kajiado wanaocheza na bei za hisa na fedha za kigeni katika kompyuta hulitaja jina la Munehisa Homma kana kwamba alikuwa nabii. Nawaandikia hao, pamoja na walimu wao, kwa kuwa nimeona karo ya muhula mzima ikiteketea kwa fomula ambayo mwenye kuitumia hakuweza kuieleza.

Homma alizaliwa mwaka 1724 katika bandari ya Sakata, kaskazini mwa Japani, penye mlango wa mto Mogami. Ukoo wake ulikuwa wa matajiri wa mashamba na biashara. Zama hizo mchele haukuwa chakula tu. Kodi ililipwa kwa mchele, askari walipewa ujira wa mchele, na ukubwa wa mtawala wa jimbo ulipimwa kwa mavuno yake. Mkaazi wa Kajiado hahitaji maelezo marefu hapa, kwani kwetu ng'ombe ni chakula, mahari, karo na akiba kwa pamoja.

Mwaka 1730 serikali iliidhinisha soko la Dojima, mjini Osaka. Humo ziliuzwa hati za mchele uliokuwa ghalani, na hata mchele wa kukabidhiwa baadaye. Wanahistoria wengi huliita soko la kwanza duniani la namna hiyo. Ndimo Homma alimojipatia sifa. Husimuliwa kwamba aliweka watu vilimani baina ya Osaka na Sakata wapashane habari za bei kwa ishara, na kwamba alifanya biashara mia moja mfululizo bila hasara. La kwanza nalisadiki kwa shida. La pili silisadiki hata kidogo. Kitabu kinachonasibishwa naye, cha mwaka 1755, hushughulika zaidi na nyoyo za wanunuzi: hofu yao, tamaa yao na tabia yao ya kufuatana. Alifariki mwaka 1803.

Na mishumaa je? Homma huitwa baba wa michoro hiyo. Hata hivyo Steve Nison, Mmarekani aliyeitangaza katika nchi za Magharibi kwa kitabu chake cha mwaka 1991, ameeleza kwamba yaelekea ilibuniwa baada ya Homma kufa, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Basi nabii wa vijana wetu huenda hakuuona mshumaa hata mmoja.

Mshumaa wenyewe ni hesabu nyepesi. Tuseme mnadani Kajiado fahali wa kimo fulani wameanza kuuzwa asubuhi kwa shilingi 40,000, bei ikashuka hadi 38,000, ikapanda hadi 46,000, na jioni ikafungwa kwa 45,000. Kiwiliwili cha mshumaa ni 5,000, utambi wa juu 1,000, wa chini 2,000, na urefu wote 8,000. Kompyuta haioni picha. Huagizwa kwa masharti. Ukitaka ikutafutie umbo liitwalo nyundo, waiambia: utambi wa chini usipungue mara mbili ya kiwiliwili, wa juu uwe mfupi mno, na bei ziwe zimekuwa zikishuka kabla yake. Fahali wetu si nyundo, maana 2,000 haifikii 10,000. Ukitaka doji, dalili ya kwamba wauzaji na wanunuzi wametoshana nguvu, waiambia kiwiliwili kisizidi, tuseme, sehemu moja ya kumi ya urefu wote.

Hapo pana mtego ambao mwalimu wa hesabu angefanya vyema kuuandika ubaoni. Katika Soko la Hisa la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954, zipo hisa ambazo siku nyingine huuzwa kwa bei moja tu tangu asubuhi hadi jioni. Bei zote nne zikilingana, kiwiliwili ni sufuri na urefu ni sufuri. Sufuri haizidi sehemu ya kumi ya sufuri, kwa hiyo fomula yatangaza doji: mapambano makali yameishia sare! Kumbe sokoni hapakuwa na watu. Na kama fomula imeandikwa kwa kugawanya, kompyuta itagawanya kwa sufuri na kukwama. Dawa ni kuongeza sharti kwamba urefu uzidi sufuri, na kwamba idadi ya hisa zilizouzwa ifikie kiwango maalumu. Mwanafunzi aliyegundua hilo mwenyewe amejifunza mantiki. Aliyeinunua fomula kwa fedha za mzazi wake hana habari.

Ukame nao haumo katika mshumaa. Mwaka 2022 wafugaji wa Kajiado waliuza ng'ombe waliokonda kwa bei ya kutupa, na wengi wakafia malishoni. Mfanyabiashara wa mchele kama Homma asingeweza kuyapuuza mawingu.

Nyumba ya ukoo wake, iliyojengwa mwaka 1768, ingali imesimama Sakata na hutembelewa na wageni. Mashamba yao mengi yaligawiwa wakulima wapangaji baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945.