Muhammed Said Abdulla, Baba wa Bwana Msa

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Leo naomba niwapinge kidogo, na shahidi wangu ni Mzanzibari aliyekwisha kwenda mbele ya haki, Muhammed Said Abdulla.

Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka wa 1918. Alipomaliza shule mwaka wa 1938 aliajiriwa katika idara ya afya akawa mkaguzi. Miaka kumi baadaye akaingia kwenye uandishi wa magazeti, akahariri Zanzibari. Mwaka wa 1958 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo, mpaka alipostaafu mwaka wa 1968. Mnaona? Riwaya alizitunga huku ana kazi nyingine.

Shirika la East African Literature Bureau, lililokuwa na makao yake papa hapa Nairobi, lilipoandaa mashindano ya hadithi mwaka wa 1957-58, Mzimu wa Watu wa Kale ndiyo iliyotwaa tuzo ya kwanza. Ilichapishwa 1960, na wengi huihesabu riwaya ya kwanza ya upelelezi katika Kiswahili. Tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa ameuawa mzimuni. Bwana Msa, na kiko chake, habebwi na uvumi. Anauliza, anatazama, anapima, kama Sherlock Holmes wa Waingereza. Alirudi katika vitabu vingine, kuanzia Kisima cha Giningi (1968) hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Mwandishi wake alifariki mwaka wa 1991.

Sasa, kwa nini nawasimulia haya? Likizo iliyopita, mtaani kwetu Makadara, nilisikia kelele za mwizi. Kijana wa ploti ya pili alikuwa amezingirwa, mtungi wa gesi begani. Watu walikuwa wameshaleta tairi. Nami, niliyekuwa nimekimaliza kitabu hicho juzi tu, nilikuwa nimeokota jiwe! Mama mmoja muuza mboga akauliza ni nani aliyemwona akiiba. Kimya. Kumbe mtungi ulikuwa wa shangazi yake, ametumwa kuujaza. Alinusurika, kichwa kikivuja damu.

Jiwe lilinidondoka. Yule mama hajawahi kumsoma Bwana Msa, lakini yeye ndiye aliyemwelewa. Mimi nilikuwa nimesoma tu.

Mola amlaze pema mzee wetu. Vitabu vyake someni, jamani, kisha ulizeni kabla hamjaokota jiwe.