Leonhard Euler na Namba 4,294,967,297

Wengi wetu twajua habari za wafalme na majemadari wa kale, lakini wataalamu wa hesabu hatuwajui ila kwa majina tu. Napenda kuwaeleza maisha ya mmoja wao, Leonhard Euler.

Alizaliwa mwaka 1707 katika mji wa Basel, Uswisi. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, akataka mwanawe naye awe mchungaji. Lakini Bwana Johann Bernoulli, mtaalamu mkubwa wa hesabu, alikuwa akimpokea kijana huyu kila Jumamosi alasiri na kumweleza yaliyomshinda. Ndiye aliyemshawishi baba akubali. Mwaka 1727 Euler akaenda St Petersburg, Urusi, kufanya kazi katika Chuo cha Wataalamu.

Karibu miaka mia kabla ya hapo, Mfaransa Pierre de Fermat alizitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Toa 1 katika namba mojawapo, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha ongeza 1: utapata inayofuata. Fermat aliamini kwamba mfululizo huo hautatoa ila namba tasa. Inayofuata 65,537 ni 4,294,967,297, na kwa kuwa Fermat alikuwa na sifa kubwa, ni nani angembishia?

Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba namba hiyo hugawanyika kwa 641, na jibu ni 6,700,417. Nimezizidisha mwenyewe kwa kalamu, nikaona ni kweli tupu. Baadaye alithibitisha kwamba kigawanyo chake chochote, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Basi namba tasa za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Asiyejua siri hiyo angejaribu zaidi ya mia moja; ajuaye hujaribu tano tu.

Maisha yake hayakuwa mepesi. Kufika mwaka 1738 jicho lake la kulia lilikuwa limeharibika. Alihamia Berlin mwaka 1741, akarudi St Petersburg mwaka 1766, na punde akawa kipofu. Mwaka 1771 nyumba yake iliungua. Hata hivyo hakuacha kazi. Alihesabu kichwani, na wanawe na wasaidizi wakaandika. Mwaka 1772, katika giza hilo, alitangaza kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa. Alifariki mwaka 1783.

Wanafunzi wenzangu, katika hesabu neno la mkubwa si ushahidi. Fermat alistahili heshima, lakini namba yake ilistahili kupimwa. Nasi tukipewa jibu, hata limeandikwa kitabuni, tulipime kwa adabu na kwa bidii. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.