Maisha ya Mobutu na Vazi Lake

Sisi wa Kambove twajua vema namna shaba inavyopatikana: jiwe huchimbwa, husagwa, huoshwa, kisha hupelekwa mbali kuuzwa. Lakini fedha yake ilikwenda wapi? Maisha ya Mobutu yatatusaidia kufikiri juu ya jambo hilo, hasa tukitazama mavazi yake.

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa Lisala, kando ya mto Kongo, tarehe 14 Oktoba 1930. Baba yake alikuwa mpishi wa hakimu mmoja Mbelgiji, naye alifariki mtoto angali mdogo. Kijana alisoma kwa wamisionari, akafukuzwa shuleni, akatiwa jeshini. Baadaye akawa mwandishi wa magazeti, kisha mkuu wa jeshi. Na tarehe 24 Novemba 1965 akaushika utawala wa nchi yote. Basi, hakuwa mtoto wa matajiri.

Mwaka 1971 aliipa nchi jina la Zaire. Katika miaka hiyo wanaume waliamriwa kuacha suti na tai, wavae abakosti, yaani koti lisilotaka tai. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa njema: Mwafrika asione haya kuwa Mwafrika. Tena, watu wote wakivaa koti la namna moja, mkubwa na mdogo wangefanana. Yeye mwenyewe aliongeza kofia ya ngozi ya chui, alama ya enzi tangu zamani, na fimbo ya kuchongwa.

Lakini tazameni yaliyofuata. Abakosti za fahari za wakubwa zilishonwa Ubelgiji. Vazi lililowekwa ili kukataa mambo ya Ulaya likawa linaagizwa Ulaya, na kulipwa kwa fedha ya Ulaya. Kwa mbali mkubwa alionekana amevaa kama karani wake; kwa karibu, kitambaa kilisema habari nyingine. Huko Gbadolite Mobutu alijenga majumba ya fahari na uwanja wa ndege uliotosha kupokea Concorde, ndege aliyoikodi kwa safari zake.

Na mgodini je? Machimbo yetu, yaliyokuwa ya Union Minière, yalitwaliwa na serikali mwaka 1967, na kampuni hiyo baadaye ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 hazikufika 50,000. Si nguo peke yake zilizoila mali hiyo. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka tangu miaka ya 1970, na mengine mengi yaliharibika. Walakini fedha iliyotumika kwa fahari haikuweza tena kununua mashine wala kulipa mshahara.

Tusikosee katika kuhukumu. Kuvaa vizuri si dhambi. Kiongozi apokeaye wageni husimama kwa niaba ya watu wote, na matambara hayawapi watu heshima. Bali na ajiulize kwanza: Ni nani aliyelilipia vazi hili, naye amekwisha kupata haki yake? Mshahara wa mchimbaji ukizuiwa, na koti la mkubwa likinunuliwa, hapo amri ya saba imevunjwa, hata kama koti lenyewe ni la heshima na la Kiafrika.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, akatoa ruhusa ya kuvaa tai tena. Yeye hakuiacha abakosti yake. Mwezi wa Mei 1997 aliikimbia nchi, na tarehe 7 Septemba alifariki Rabat, katika Moroko, akazikwa huko, mbali na Lisala.

Msomaji, nawe u mkubwa mahali fulani: nyumbani, kazini, au katika kamati. Kabla ya kushona vazi la sikukuu, hesabu kwanza wale unaowadaiwa.